Nilivyomsingizia Wafula kipande cha mwisho cha riwaya ya melini

Wakuu, niaje. Leo sina siasa wala mpira. Nina kosa la kuungama, na nitalieleza vile lilivyokuwa. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu mmoja wao yuko humu ndani, husoma kila uzi na hacomment.

Mimi ni mtu wa kuhama. Nina miaka arobaini na kitu, nimekaa Kitale, Malaba, Voi na kwingine. Mwaka huu nilirudi Ruiru nikiwa na mpango wa kukaa miezi miwili tu. Nikiwa mahali napachoka, nikishaondoka naanza kupakumbuka mpaka machozi. Nishazoea kuchekwa kwa hilo, endeleeni.

Sasa turudi form three, shule moja ya boarding upande wa Thika.

Maktaba yetu ilikuwa kabati moja. Ufunguo alikuwa nao Wafula, kijana mpole ambaye babake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi kwa shamba la kahawa. Aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Wengine tulitaka kuwa prefect wa chakula. Yeye alitaka ule ufunguo tu.

Siku moja kabati likapata riwaya mpya ya Kiingereza. Hadithi ya meli kubwa ya zamani, enzi za makaa ya mawe, watu wanavaa suti ndiyo wanywe supu. Mjane tajiri anapatikana amekufa jikoni, ndani ya pipa la matango ya siki, miguu juu.

Mpelelezi ni mpishi mkuu wa meli. Hajui sheria hata kidogo, lakini anajua kila abiria alibakisha nini kwa sahani. Halafu kuna kasuku wa kapteni aliyesikia maneno ya mwisho ya marehemu. Shida ni kwamba kila akiulizwa, anayachanganya na matusi ya mabaharia.

Wakuu, tulicheka. Wengi wetu maji mengi tuliyokuwa tumeona ni Mto Chania ukifurika, lakini kwa wiki mbili tuliijua ile meli kuliko tulivyojua njia ya kwenda lab.

Kitabu kilikuwa kimoja, vijana arobaini. Mliosoma boarding mnajua dawa yake: wembe.

Tulikikata vipande vitano. Kila kipande tukakishona kwa uzi na kukivalisha jalada la karatasi ya manila. Ukimaliza cha kwanza, unamrudishia Wafula, anakupa cha pili. Kipande cha tano ndicho kilikuwa na muuaji, na sheria ilikuwa moja: ukishamjua, nyamaza mpaka wa mwisho amalize.

Mimi nilikuwa wa kwanza kufikia cha tano. Wafula alinipa Ijumaa baada ya lunch, tukiwa wawili tu nyuma ya dining hall.

Kabla sijafungua, boarding master akaingia dorm kukagua masanduku. Kitabu cha shule kilichokatwa kwa wembe si kitu unataka mwalimu akione. Nikakificha. Jioni hiyo malaria ikanipiga, nikapelekwa san, chumba cha wagonjwa, nikalala huko wiki nzima nikiongea na kasuku.

Niliporudi, Wafula akaniuliza kama nimemaliza.

Nikamwambia, "Si nilikurudishia."

Na wakuu, sikuwa nadanganya. Niliamini. Malaria ilinipa uhakika ambao sijawahi kuwa nao tena maishani.

Darasa likakaa kesi. Wafula alisema maneno matatu tu: "Njoro, nilikupa wewe." Mimi nilitoa hotuba. Nilijifanya yule mpishi, nikatembea mbele ya ubao mikono nyuma, nikauliza: ni nani ana ufunguo? Ni nani anapenda vitabu kuliko chakula? Nani angetaka kuwa wa pekee anayejua?

Walipiga makofi. Mpaka leo naona aibu vile nilifurahia yale makofi.

Habari ikafika kwa mwalimu, ufunguo ukachukuliwa. Na Mburu, yule wa mdomo mkubwa ambaye sasa anauza matangi ya maji, akampa Wafula jina: Muuaji. Kwamba ameua hadithi.

Jina likakwama. Mwenzetu mmoja wa darasa alipata kazi kiwanda kimoja na Wafula hapa Ruiru, akalipeleka huko. Kwa group ya WhatsApp ya darasa, Mburu alimtambulisha kwa hilo jina. Mtoto wake wa kwanza alishawahi kuulizwa na jirani kama ni kweli baba aliwahi kufungwa.

Wafula alikuwa anacheka na sisi. Lakini riwaya hakushika tena.

Haya. Mwezi mmoja baada ya kurudi, nikaenda Ngoliba kumwona mamangu, Mami. Sanduku langu la shule, lile la bati, yeye amelifanya kiota cha kuku, huko jikoni. Kuku alikuwa ametoka kuangua, akaniambia nilisafishe.

Nikatoa nyasi. Nikatoa maganda ya mayai. Chini kulikuwa na ile kartoni niliyotandika mwenyewe nikienda form one. Nikaibandua.

Kipande cha tano. Manila ya kijani. Mwandiko wa Wafula juu yake.

Nilikaa chini hapo hapo kwa mavi ya kuku.

"Ni nini hiyo unashika kama cheti cha kifo?" Mami akauliza.

"Ni kitabu cha Wafula."

"Wafula mgani? Yule mlisema aliiba?"

"Yule nilisema."

"Haiya!" Akamtoa kifaranga kwa kiatu changu polepole. "Na uliniapia kwa hii meza, na chai ikiwa mdomoni."

Nitasema ukweli wote. Jiko lilikuwa linawaka hatua tatu kutoka nilipokaa. Zaidi ya Mami, hakuna mtu mwingine duniani alijua. Nikaliangalia. Mami naye akaniangalia nikiliangalia.

"Kama unachoma," akasema, "nenda ukatafute jiko lako."

Nilifungua nikasoma mstari wa kwanza tu, kuhakikisha. Mpishi alikuwa anagonga kengele, anawaita abiria wote mezani. Nikafunga. Najua mtasema ni uongo, lakini fikirieni: kusoma peke yangu kile ambacho vijana thelathini na tisa walinyimwa ingekuwa ni kuiba mara ya pili.

Mimi, Mburu na Wafula hukutana Kamakis, hapa hapa Ruiru, kula nyama kila mwisho wa mwezi nikiwa huku. Jumamosi hiyo nikafika na bahasha ya khaki.

Mburu alikuwa ashaanza. "Muuaji, hebu sukuma hiyo kachumbari huku. Usiweke mtu ndani kama lile pipa."

Nikatoa bahasha. Nikasema yote, kutoka san mpaka kiota. Nilisema nikiangalia ubao wa nyama kwa sababu sikuweza kuangalia mtu.

Wafula aliomba maji ya moto na ndimu. Akaosha mikono, kidole kwa kidole. Akajipanguza. Ndiyo akaishika.

"Inanuka kuku," akasema.

Halafu akamgeukia Mburu. "Naitwa nani?"

"Aki Muu... ai, bwana."

"Nimeuliza."

"Wafula."

"Tena."

"Wafula, ndugu yangu! Sukuma kachumbari, Wafula! Chumvi pia, Wafula!" Meza ya jirani ikageuka. Mburu alisema hilo jina mpaka sauti ikakauka, na macho yake hayakuwa makavu.

Kisha Wafula akaniuliza, "Umesoma?"

"Mstari wa kwanza."

Akanitazama. Nadhani alikuwa anapima kama huyu ni Njoro wa ile hotuba. Halafu akavaa miwani, akatusomea karatasi ya kwanza, mbele na nyuma. Mpishi amewaketisha wote, amesema muuaji ni mmoja kati ya wale waliokula samaki, kasuku ameitwa aje kutoa ushahidi. Hapo karatasi ikaisha.

Wafula akachukua kisu cha nyama, akakata uzi, akanipa ile karatasi moja. Zingine kumi na nane akazitia mfukoni mwa koti.

"Hiyo ni ya leo. Ingine ni Jumamosi ijayo, kwangu Gitothua. Nekesa atapika."

"Lakini Wafula, Jumatatu naenda Isiolo. Nimepata kazi huko."

"Enda tu," akasema, akijipakulia nyama. "Muuaji atabaki Gitothua."

Wakuu, Isiolo sikwenda.

Hii ni Jumamosi ya sita. Mburu pia huja, na hubeba soda. Kwa group jina limebadilishwa: Wafula ni Wafula, na mimi, bila kuulizwa, ndiye Muuaji. Nimelivaa. Linanitosha.

Nilichojifunza: mtu akipayuka sana kutafuta mwizi, anzeni na sanduku lake. Na ukikumbuka jambo kwa uhakika mkubwa, kwanza uliza kama ulikuwa na homa.

Semeni basi, shuleni kwenu nani alisingiziwa, na mlishamwomba msamaha? Na kama kuna mwenye anaijua hii riwaya, tafadhali asitaje muuaji hapa. Kasuku bado yuko kizimbani na hajasema lolote la kurudia mbele ya watoto.

Juzi Nekesa alimuuliza mumewe, mbona asitusomee karatasi mbili kwa siku tumalize haraka?

Wafula alikuwa tayari kukubali. Mimi ndiye nilikataa.