Koplo Evarista na Lori Lisilo na Klachi

Evarista Komba alikulia mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, kwenye gereji ya mjomba wake Beno, akishika spana tangu shule ya msingi. Alipojiunga na jeshi na kupangiwa udereva, mafundi wa pale walimtania kwamba ataishia kubebeshwa masufuria ya jikoni.

Akiwa koplo, kikosi chake kilipelekwa mashariki mwa Kongo kulinda amani. Asubuhi moja waasi wakavamia kijiji walichokuwa wanakilinda. Askari watatu wakajeruhiwa ng'ambo ya kijito, na risasi hazikatiki.

"Nani atawafuata na lori?" kamanda aliuliza redioni.

"Naenda, afande," Evarista akajibu.

Alivuka kijito, kioo cha mbele kikapasuka. Alipogeuza tu lori tayari kwa kurudi, pedali ya klachi ikazama chini, isirudi tena. Bila klachi ya kutenganisha injini na magurudumu, ikabidi azime injini ili asimame. Wenzake aliokuja nao nyuma ya lori wakapakia majeruhi mbiombio, udongo ukiruka kando yao. Wa mwisho alikuwa Shomari, kijana wa Kariakoo, paja limechanwa na risasi.

"Afande, gari limekufa?"

"Halijafa. Shika ubao huo, usiachie!"

Kule Gerezani mjomba alimfundisha udereva kwa magari mabovu tu, mazima yalikuwa ya wateja. Akatia gia ya kwanza injini ikiwa kimya, akapiga stata. Lori likaruka kama mbuzi aliyekata kamba, likawaka, likaondoka. Gia ya pili aliitegea sikio. Mngurumo uliposhuka, akaitumbukiza. Hakusimama mpaka kwenye hema la daktari.

Wote watatu walipona.

Kikosi kiliporudi nyumbani, Shomari alimfuata Evarista kwenye gereji ya Beno akichechemea, pamoja na mama yake, Bi Shamsa, muuza vitenge wa Kariakoo.

"Shikamoo, mama," Evarista akaamkia.

"Marahaba, mwanangu," Bi Shamsa akaitikia. Alimkumbatia, akalia begani kwake, kisha akapiga kigelegele kilichowatoa mafundi chini ya magari. Wakaanza kugonga spana kwenye maboneti.

"Huyu nimemfundisha mimi!" Mjomba Beno alipaza sauti, abiria wa basi la mwendokasi lililokuwa likipita wakachungulia madirishani.

Bi Shamsa akamfunga kitenge kipya juu ya sare yake ya kombati. Evarista akavua kofia, akaingia katikati yao, akacheza.