Siku Saba za Kidole na Kengele ya Betri

Saa kumi na mbili na robo asubuhi kengele inalia. Mama wa miaka hamsini na nane anatimka kutoka kwenye ndoo aliyoigeuza kuwa kiti, anateleza kwenye tope, anajishika, anafika, ananyanyua mshipi. Majani. Anayabandua kwenye ndoano, anayatupa, anarudi kwenye ndoo yake. Kabla hajakaa vizuri, inalia tena.

"Ya tisa hiyo," anasema huku akihema. "Na jua halijatoka. Kidude hiki kinanipigisha mbio utadhani nimechelewa shule!"

Kidude chenyewe hakina makuu. Ni kiboksi cheusi kinachotoshana na kipande cha sabuni, kimefungwa juu ya chuma kilichosimikwa ukingoni mwa mto. Kina kigurudumu kidogo, na mshipi unapita juu ya kigurudumu hicho. Samaki akivuta, kigurudumu kinazunguka, kiboksi kinapiga kelele na kuwasha taa nyekundu. Mkondo ukivuta, kinapiga kelele. Jani likivuta, kinapiga kelele. Upepo nao haukosi la kuchangia.

Wavuvi wa ukingo huu wanamwita mama huyu Kidole. Hata muuza samaki anayekuja na mizani yake huuliza akiwa bado mbali, "Kidole kapata nini leo?" Jina hilo hakupewa bure. Kwa miaka thelathini na moja amevua kwa mshipi wa mkono, bila fimbo, bila boya, bila kengele ya aina yoyote. Anaulaza mshipi juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, anafumba macho, na kidole kinampa habari za chini ya maji.

"Perege anadonoa, tu-tu-tu, kama kuku. Kambare hana haraka, anauvuta kama mtu anayevuta shuka usingizini. Majani yanaegemea tu, hayana nia," anaeleza. "Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha. Alikuwa ananifunga kitambaa machoni, ananiuliza, 'Nani huyo?' Nikikosea ananifinya."

Shangazi huyo, marehemu sasa, alikuwa na sheria moja ambayo hakuitania hata siku moja: mshipi unalazwa kidoleni, hauzungushwi. Samaki mkubwa akiondoka na mshipi uliozungushwa, anaondoka na nyama ya mtu. Kidole aliishika sheria hiyo miaka yote, mpaka kidole chenyewe kilipoanza kusinzia.

Kusinzia ni neno lake. Daktari ana neno jingine. Mama huyu anaugua kisukari, huu ni mwaka wa sita, na ganzi ilimwingia polepole kwenye ncha za vidole. Zamani siku ya kawaida ilimpa kilo tatu, nne. Zikawa mbili. Ikawa moja. Wenzake walidhani samaki wamehama. Yeye alijua samaki wapo, wanakula chambo na kwenda zao, ila habari hazimfikii.

"Nikafanya ujinga," anasema bila kuzunguka. "Nikauzungusha mshipi. Mara moja, nikaona napata kidogo. Mara mbili, mara tatu. Mwisho nikawa naukaza mpaka kidole kinakuwa cheupe, ili nihisi tu chochote."

Miezi mitano iliyopita kambare mmoja aliuvuta mshipi huo na kukipasua kidole hadi karibu na mfupa. Mama hakusikia maumivu. Aligundua alipoona damu iliyomo ndooni ni nyingi mno kuwa ya samaki mmoja. Kidonda kilichukua wiki kumi na moja kupona, na daktari hakumficha: mkato mwingine kama ule, kidole kitakatwa, na huenda kisiende peke yake.

Hapo ndipo alipoingia kitindamimba wake, binti wa miaka ishirini na minne anayetengeneza simu na redio katika kibanda ambacho watu wawili hawawezi kupishana ndani. Alikinunua kiboksi kile kikiwa kibovu kutoka kwa mteja, akabadilisha spika na nyaya, akampelekea mama yake kikiwa kimefungwa kwenye gazeti.

"Nilimwambia, mama, chagua. Ama hiki, ama unakaa nyumbani," anasimulia binti. "Alinitazama kama nimemtukana. Kwake kukaa nyumbani ni kifungo. Yule kwenye foleni ya hospitali tu anatoka nje mara nne!"

Wakakubaliana siku saba. Siku saba za kengele, bila kuutia mshipi kidoleni, kisha waketi wazungumze. Leo ni siku ya saba.

Hatua kama ishirini kutoka hapo anavua mlinzi mstaafu ambaye wote wanamwita Redio, kwa sababu hazimiki. Yeye ni mtu wa njuga. Ameichomeka fimbo yake kati ya mawe, na kwenye ncha amefunga njuga mbili za mbuzi. Samaki akitikisa, zinalia.

"Njuga haili betri," anatamba. "Hicho chenu kikinyeshewa kinapata mafua. Juzi kimelia, Kidole kakimbia mpaka kandambili zikabaki nyuma. Tukasema leo kanasa mamba. Kumbe mfuko wa plastiki!"

"Na njuga zako zilipolia jana, nani aliamka?" Kidole anamrudishia. "Ulikuwa unakoroma. Samaki yule nilikutolea mimi."

"Hiyo usiiandike," Redio anamwambia mwandishi wa makala haya.

Wanacheka, lakini kicheko cha mama kinakatika haraka. Hatulii. Anasimama, anakaa, anasogeza ndoo kulia, anairudisha kushoto. Anaikodolea macho taa nyekundu hata ikiwa imezima. Katika saa ya kwanza kengele imelia mara ishirini na sita. Samaki ni wawili, perege wasiozidi kiganja.

"Kidole kilikuwa kinanituliza," anasema. "Saa tatu nzima nakaa hapa, mtu akipita ananisalimia mara mbili ndipo nasikia. Sasa roho iko juu muda wote. Kikilia nakimbia. Kikinyamaza nahofu kimekufa. Huu si uvuvi, mwanangu, hii ni zamu ya ulinzi."

Mnamo saa mbili anatulia ghafla. Ametandaza kitenge kuanzia magotini hadi chini, akidai anasikia baridi, ingawa jua limekwisha kuchoma. Amefumba macho. Mguu wake mmoja ameubana kati ya mawe mawili. Kengele ikilia hanyanyuki tena. "Hebu niangalizie, mwanangu," anamwomba mwandishi, na mwandishi, akiamini mama amekizoea kidude, anakwenda kubandua majani kwa moyo mkunjufu.

Safari ya tatu ndipo mwandishi anapoona kuna mshipi wa pili. Huu haupiti kwenye kengele. Unatoka majini, unapenya kati ya mawe, unaingia chini ya kitenge. Na jiwe linalogusana na kitenge lina damu.

"Mama, unatoka damu."

"Wapi?"

"Mguuni."

Anakifunua kitenge. Kandambili iko pembeni, na mshipi umezungushwa mara nne kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Umezama ndani ya nyama. Mama anautazama mguu huo kana kwamba ni wa mtu mwingine. Uso wake haujakunjamana hata kidogo.

"Tulikubaliana vidole vya mikono," anasema kwa sauti ndogo. "Vya miguu hatukuvitaja."

Redio anakuja mbio na kisu, anaukata mshipi, kisha anaanza kuuvuta ule uliobaki majini. Ndoano inatoka tupu. Chambo kimeliwa chote, na ncha imepinda kwa kuvutwa. 

Binti anafika na chupa ya chai na mkate, kama alivyofanya kila siku wiki hii. Anaona mguu. Hapigi kelele. Anaweka chai chini, anaomba maji safi, anapiga magoti kwenye tope na kuanza kuosha.  Anapomaliza kufunga kitambaa ndipo hasira inamtoka.

"Mguu, mama! Mguu ndio mbaya zaidi! Daktari alisema ukague nyayo kila jioni, wewe unazifunga kamba? Unataka nini, ukatwe ndipo ufurahi?"

"Nilitaka kujua kama bado kipo."

"Kipo nini?"

"Kile cha kuhisi. Mkononi kimeondoka. Nikasema labda mguuni kimebaki." Anaiokota ndoano iliyopinda, anaigeuzageuza. "Hakipo, mwanangu. Samaki amekuja, amekula, amenikata, ameondoka. Habari sijapata."

Hapo analia, waziwazi, mbele ya binti yake, mbele ya Redio na mbele ya kalamu ya gazeti. Binti anamshika bega. Zahanati iliyo ng'ambo ya barabara inafunguliwa saa nne, na dereva wa pikipiki ameshapigiwa simu. Imebaki kama saa moja. Redio anasema wanywe chai basi, chai haina kosa.

Mama hanywi. Anajifuta pua, anakitazama kiboksi kwenye chuma chake, kisha anamtazama binti.

"Lete kidole chako."

"Cha nini tena?"

"Lete, nimesema."

Anatia chambo kwenye mshipi wa kengele, anautupa mtoni, anauweka juu ya kigurudumu. Anamkalisha binti mbele ya kiboksi, upande wa maji, na kuulaza mshipi juu ya kidole chake cha shahada. Sasa chochote kitakachovuta kitapita kwanza kwenye kidole cha binti, kisha kwenye kengele.

"Usizungushe. Ukizungusha nakuchapa."

"Wewe ndiye wa kuniambia hivyo, mama?"

"Mimi ndiye hasa." Anaivuta ndoo karibu, anauweka mguu uliofungwa juu ya jiwe kavu. "Wewe niambie kidole chako kinahisi nini. Mimi nisikilize hiki kinasema nini. Kinapiga kelele siku ya saba leo, na hakuna aliyenifundisha lugha yake."

Binti, ambaye hajawahi kuvua samaki maishani mwake, anakunja uso. "Kuna kitu... kinaegemea tu."

Tiiiiii, inasema kengele, ndefu, bila kukatika.

"Majani," anasema mama. "Haya. Majani ni tiiiiii. Tuendelee."

"Sasa kinadonoa. Haraka haraka."

Ti-ti. Ti-ti-ti.

"Perege. Umesikia, Redio? Perege anakata maneno."

Kitu kingine kinajitokeza ambacho mama asingekijua peke yake. Binti anagundua kwamba skrubu ya kurekebisha ukali wa kengele ilikuwa imekazwa hadi mwisho. "Mimi niliijaribu mezani," anakiri huku akiilegeza kwa ukucha. "Mezani hakuna mkondo."  "Siku saba nimekimbizwa na skrubu," mama anasema, na Redio anacheka mpaka njuga zake zinalia.

Kisha kimya. Maji yanapita. Mama ameinamisha kichwa kuelekea kwenye kiboksi, amefumba macho, hasogezi ndoo.

"Mama!" Binti anaruka. "Shuka! Anavuta shuka!"

Kengele bado haijasema kitu. Inapita nusu pumzi ndipo inapoanza: ti... tiii... ti.

"Umechelewa," mama anakiambia kiboksi, na uso wake unakunjuka. Mkono wake wa kulia umeshaufuata mshipi, wenyewe, kwa mazoea ya miaka thelathini na moja. Unaishia njiani. Anautazama, anaurudisha mapajani.

"Vuta wewe," anamwambia binti.

Ni kambare wa kilo mbili kasoro kidogo. Redio anaapa kwamba hafiki hata kilo moja, lakini Redio siku hizi haaminiki kwa mizani.

Mpango sasa ni huu. Kila Jumapili asubuhi kibanda cha simu kitachelewa kufunguliwa, na binti atakuja kumwazima mama yake kidole, mpaka mvua zianze. Kwa hesabu ya mama, muda huo utamtosha kujifunza kengele inasemaje kwa kila samaki na kwa kila takataka ya mto. Viatu vya kufunika miguu vitanunuliwa wiki hii. Kandambili Redio amekabidhiwa azichome moto. Kuhusu kidole gumba, wanasubiri daktari.

"Akiniachia vyote ishirini, namshukuru Mungu. Nataka nizikwe navyo, mtu avihesabu asikose hata kimoja," anasema mama. "Na nikikijua kidude hiki, nitakaa tena. Ninachokitaka ni kukaa. Nikae hapa nimetulia, nijue nani amekuja."

Pikipiki inasikika barabarani. Binti anaanza kukusanya vitu, chupa, ndoo, kitenge. Nyuma yao kengele inalia, na mwandishi wa makala haya, ambaye viatu vyake vimekwisha kuharibika kwa tope, anakurupuka kuikimbilia.

Mama anamshika upindo wa shati.

"Kaa, mwanangu," anasema bila kugeuka. "Hayo ni majani."

Binti anakwenda kuangalia hata hivyo. Ni majani.