Mstari Ulionipita

Leo nimefungua gunia la pamba, na ile harufu ya vumbi na jua ikanirudisha uani kwetu, Itilima. Mashairi ya baba yalikuwa yakisomwa redioni, ila kuandika hakujua, nilimwandikia mimi. Tulikaa tukichambua pamba, safi huku, fifi yenye madoa kule. Yeye alitunga kwa sauti, mimi naacha pamba nashika kalamu.

Mama alipofariki, akamtungia shairi. Siku hiyo baba alitunga mbio mbio, mstari mmoja ukanipita. Niliogopa kumkatiza, nikajaza wangu: “Pamba imeshapasuka, mama haji kuichuma.”

Shairi liliposomwa redioni, mstari wangu ulipofika, mikono ya baba ikasimama juu ya pamba. Nikainama, nangoja fimbo.

“Mimi sikusema mama,” akaniambia. “Huyo ni wa kwako.”

“Nisamehe, baba. Nitawaandikia wa redioni waufute.”

Akaokota kipande cha pamba, akakigeuzageuza, akakiweka upande wa safi.

“Uache.”

Mpaka leo, watu wa Bariadi wakimkumbuka baba, huanza na mstari huo. Wengine hufumba macho wakiusema. Mimi huwaitikia tu, “Kweli, alikuwa mtunzi.”