Mume wa Msusi

Msusi wetu ana vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Chanuo hulichomeka kwenye nywele zake mwenyewe, kisha hulisaka chumba kizima akituuliza nani kamwibia. Saa tatu asubuhi simu yake huwika kama jogoo, naye huacha msuko katikati. "Mume ananiita, jamani," husema, na kumeza kidonge chake cha kufubaza virusi vya Ukimwi mbele yetu sote. "Huyu halali nje, wala hana mchepuko." Tunacheka kila mara kana kwamba utani ni mpya.

Ila kuna majira huzuni humwingia. Hapo hamsengenyi mtu, husuka kimya, na chanuo halipotei. Juzi kichwa changu kilikuwa nusu msuko, nusu msitu, jogoo alipowika. Akaizima simu.

"Shoga, mumeo anaita."

"Tumeachana tangu Jumapili. Nimechoka naye. Nimechoka na kila kitu."

Nikasimama, nikabeba mkoba.

"Unakwenda wapi na kichwa hicho?"

"Sokoni. Wakiuliza nani kanisuka, nitakutaja."

"Wee! Utaniulia biashara!" Mdomo ukamcheza. Akachomeka chanuo nyweleni, akafungua droo, akameza kidonge. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kesho nisindikize kliniki. Nataka nimwambie nesi huku kuchoka."

"Nitakusindikiza. Nimalizie kichwa kwanza."

Akapapasa meza, akainua mito, akaniangalia kwa jicho kali. "Haya, nani kaniibia chanuo?"

Sikumwambia.