Uso Uonekane Muda Wote

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kozi ile niliiandika nikiwa na hasira. Nafundisha afya ya mifugo katika chuo kimoja hapa Arusha. Tulipoamua nadharia isomwe mtandaoni na vitendo vifanyikie nyumbani, kwenye mifugo ya kwao, kila mwanafunzi alitakiwa ajirekodi kwa simu akifanya kazi, kisha atume video. Mwaka wa kwanza nilipokea video kumi na moja za kuhasi madume, na katika saba mikono ilikuwa ileile, ya mzee mmoja asiye na kidole gumba. Mzee wa watu alikuwa amefaulu mara saba! Nilipiga meza mpaka mwenzangu wa ofisi ya jirani akaja kuchungulia.

Nikakaa nyumbani kwangu Moshono nikaandika kanuni mpya: video isikatwe, na uso wa mwanafunzi uonekane muda wote. Uso ukipotea, sifuri, na zoezi lirudiwe ndani ya siku saba. Wenzangu walisema nimewakomesha, nami nikavimba kichwa.

Muhula uliofuata nilikuwa na mama mmoja wa watoto wawili, kutoka kwa wafugaji wa magharibi ya Mlima Meru. Alipanda kilima kila jioni kutafuta mtandao, na hakuna aliyemfikia kwa alama. Lilikuwa limembakia zoezi la kuhasi tu apate cheti chake.

Video yake niliifungua asubuhi huku nakunywa chai. Simu imeegemezwa kwenye uzio wa miiba. Dume la miaka miwili limefungwa kwenye nguzo, shemeji yake kashika kamba ya mguu wa nyuma. Mama anainama na koleo la kuhasi, halafu anainua uso kuitazama simu. Anainama, anainua. Anayefanya kazi nyuma ya ng'ombe haondoi macho kwa mnyama; hilo nimewafundisha mimi mwenyewe. Mara ya nne alipoinua uso, kamba ya kwenye nguzo ilikatika. Dume liligeuka, likamchoma pembe ya paja, likamnyanyua na kumbamiza kwenye nguzo, kisha likamkanyaga nyonga. Nilisikia mfupa ukivunjika. Shemeji alilitandika dume rungu la pua, tena na tena, mpaka damu ikaruka kwenye kioo cha simu. Na pale chini, kwenye samadi, yule mama alikuwa anajiburuta ili uso wake urudi kwenye picha.

Kikombe nilikirusha ukutani. Chini ya video, shemeji aliyeituma alikuwa ameandika mama amelazwa wapi tangu juzi; nikachukua pikipiki nikaenda hospitali.

Nje ya wodi, kwenye benchi, alikaa mama mkwe wake.

"Shikamoo, mama."

"Wewe ndiye mwalimu wa kwenye simu?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe ndiye uliyemwambia asiangalie ng'ombe?"

Nilitaka kumweleza habari za udanganyifu, za mzee na video zake saba. Nikaona aibu.

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Akanizaba kofi. La pili likanipasua mdomo. Muuguzi akaja mbio, nikamwomba amwache. Ninavyojijua, mtu mwingine akinigusa namrudishia papo hapo. Siku ile nilitamani aendelee, na nilikasirika alipochoka.

Ndani, mwanafunzi wangu alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa kwa chuma na uzito. Aliponiona alijaribu kuinuka, maana mwalimu ameingia. Maumivu yakamrudisha kwenye mto, jasho likamtoka.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani, sikumaliza zoezi."

"Usiongee, mama. Pumzika."

"Lile dume limechinjwa. Lakini shemeji amepata jingine kwa jirani." Alinikazia macho kwa woga, na aliyekuwa akimwogopa ni mimi. "Nirudie lini?"

Mdomo ulikuwa umenijaa damu, nikaimeza. Kwa kanuni niliyoiandika kwa mkono wangu, alikuwa na siku saba.