Uchungu wa Kizungu Nyuma ya Mabati

Wasomaji wangu, nimefiwa na mtu ambaye pengine hamkumjua: msusi wa mtaani Kawangware 56, jirani yangu wa zamani katika ploti ya vyumba vya mabati vya kupanga. Nairobi hii mtu akikasirika kweli huhamia Kiingereza, lakini mama huyu alikuwa amebobea. Kwa Kiswahili alitania wateja, kwa Kiluhya aliimba akisuka, na Kiingereza alikiweka akiba ya ugomvi. "Huyo akianza Kizungu, wewe funga mlango," wapangaji walikuwa wakisema huku wakicheka.

Kizungu chenyewe kilimwendea kaka yake, fundi cherehani wa chumba cha pili, ukuta mmoja na chake, aliyemficha dada yake ugonjwa wa mama yao hadi mama akafa. Kila asubuhi dada alijifunga leso, akaukabili ukuta: "I am bitter! I am disgusted! You are heartless!" Yaani moyo wake umejaa uchungu na kinyaa, na kaka hana utu. Upande wa pili cherehani ilinyamaza mpaka amalize, kisha ikaendelea. Kaka hakujibu hata siku moja.

Baada ya mazishi ya dada nilikwenda kumpa fundi pole. Chumba cha dada kilikuwa na kufuli. Nimesimama uani, jua linawaka, nikasikia: "I am bitter!" Sauti ile ile nyembamba, na mkwaruzo wake mwishoni. Nywele zilinisimama. Mpangaji mmoja aliyekuwa akifua pale hakuinua hata uso.

"Zoea tu," akaniambia. "Ni kila asubuhi."

Nilisukuma mlango wa fundi. Alikuwa ameketi mbele ya cherehani, mikono mapajani, anautazama ukuta, na sauti ya dada yake inamtoka kinywani. Aliponiona hakushtuka.

"Akinigombeza najua bado yuko," alisema, sasa kwa sauti yake. "Shida ni pale pa kujibu, buda. Niliogopa tu kumwambia mathe anakufa. Hiyo ningesema aje na Kizungu?"

Nilimwambia aseme kwa lugha ya mama yao. Akaugeukia ukuta, akasema maneno machache ya Kiluhya, polepole, machozi yakimtiririka. Halafu tukangoja, wote wawili, na naapa nilitega sikio kwa dhati.

Hasira tumejifunza kuisema kwa lugha ya kuazima, tena kwa ufasaha. Msamaha tuuombe kwa lugha ya nyumbani, na tuuombe mwenzetu angali upande wa pili wa ukuta. Asubuhi ile ukuta haukujibu.