Nilibonyeza FORMAT

Kosa langu la kwanza lilikuwa kubonyeza neno FORMAT nikidhani ni jina, kumbe ni amri.

Sisi wa mji wa Baraka tumesoma kwa Kifaransa. Kwetu kufuta kadi yote ya kamera ni "formater", neno lenye mkia, na "format" ni umbo la kitu tu: format ya karatasi, format ya picha, format ya video. Menyu ya kamera ya gari niliyoibonyeza ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu nimejifundisha mwenyewe, kipande kwa kipande, kama nilivyojifundisha kuhariri harusi za watu kwenye kompyuta ya mkono wa tatu.

Kamera niliifunga kwa mikono yangu kwenye kioo cha mbele cha gari ambalo kaka yangu mkubwa alikuwa analiendesha kati ya Baraka na Fizi. Gari lilikuwa la mama mmoja mfanyabiashara. Nilikuwa nimemwambia, "Mama, hii ndiyo itakuwa shahidi yako barabarani," na nilijisikia mtu mkubwa kusema hivyo.

Siku shahidi alipohitajika, kaka alikuwa anashuka mteremko kabla ya daraja la Mutambala. Mwendesha pikipiki mmoja alimpita upande wa kulia, akagusa mlango, akaanguka, akashika goti, akaanza kulia. Alisema kaka amemgonga makusudi. Kaka hakujitetea sana. Aliporudi mjini alinipa kadi mbele ya watu wote, akasema, "Muongee na mudogo wangu. Uyu anajua."

Programu yangu ilikataa faili. Iliandika kwamba format haitambuliki. Nikatafuta kwenye simu, nikasoma ushauri wa mtu nisiyemjua: badilisha format ndani ya kamera. Nikairudisha kadi, nikapekua menyu, nikaliona neno lenyewe, FORMAT, na moyo ukatulia. Kamera ikaniuliza swali. Nikajibu YES. Ilichukua muda wa mtu kupiga chafya, na kadi ikawa tupu.

Nilimdanganya kaka. Nilimwambia kadi imekufa kwa joto la kioo. Siku ya tatu mama mwenye gari alilipia lile goti, akachukua funguo akampa mpwa wake, na kaka, aliyeendesha miaka yote bila kukwaruza hata kuku, akaenda Swima, ziwani, kushusha ndagala, wale dagaa wetu, kwenye mitumbwi ya watu. Alirudi nyumbani na magamba kwenye nywele. Hakunilaumu, kwa sababu hakujua.

Yule wa pikipiki alijua kwamba hakuna video, na hiyo ilimtosha. Kila aliponikuta alipunguza mwendo, akaniita bwana wa sinema.

"Ee, Musiye Sinema! Filme inatoka lini?"

Abiria aliyembeba nyuma alicheka hata bila kujua anacheka nini. Alinifanyia hivyo mbele ya soko, mbele ya kanisa, mbele ya msichana niliyekuwa nimechukua wiki mbili kujipanga kumsalimia.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nikichukia, nachukia kwa utaratibu pia. Niliwaza hivi: mtu aliyefaulu kwa goti mara moja atalirudia. Nikaenda kwa mama mwenye gari kumwomba kamera isitolewe kwenye gari.

"Ibakie," alisema. "Haikulake kitu, hata franga."

Nikaanza kutafuta umbo la video litakalomnasa. MP4 yenye mgandamizo mpya, ule wa H.265, ilikuwa na picha nzuri, lakini kompyuta yangu ilikwama nayo, lori la kwenye picha likafika vipande vipande. MP4 yenye mgandamizo wa zamani, H.264, ilifunguka vizuri. Ila waya wa kamera ulikuwa umelegea, na kwenye kila shimo kamera ilizimika. Hapo nikajifunza kwamba MP4 ni kama gunia: lazima lifungwe mdomo mwishoni. Umeme ukikatika kabla ya kufunga, kila kitu kinamwagika na faili halifunguki tena. Kulikuwa na umbo la tatu, TS. Hilo ni kama mkungu wa ndizi. Ukikatwa katikati, ndizi zilizobaki bado ni ndizi.

Nilichagua TS. Programu yangu ililifungua, picha safi, bila sauti yoyote. Nikajiuliza, sauti ya nini? Ya injini? Kwenye harusi mimi huifuta sauti ya asili na kuweka muziki. Sikuhangaika.

Kila jioni nilimwendea yule mpwa, nikachukua kadi, nikanakili, nikarudisha. Sikufuta kitu. Niliogopa hata kuigusa menyu tena. Nilitazama barabara ya Fizi kwenye video hadi nikaijua kuliko madereva, na siku moja, baada ya soko, nikamkuta. Mteremko uleule. Upande uleule wa kulia. Goti lilelile. Nilicheka peke yangu kama mgonjwa. Mpwa hakuwa amemwambia mtu yeyote kuhusu jambo hilo. Walielewana na yule bwana papo hapo akaendelea na safari, maana funguo alikuwa bado anazipenda.

Baada ya kuanguka, yule wa pikipiki alisimama dirishani mwa dereva akichezesha mdomo kwa muda mrefu. Sehemu hiyo niliikata. Mtu anayeongea bila sauti anachosha watazamaji.

Nilihariri siku nne. Nilipunguza mwendo pale anapougusa mlango. Niliweka mshale mwekundu na duara kwenye goti. Nilisahihisha rangi ya vumbi, kwa kweli, vumbi! Niliweka na ngoma chini yake, zikipanda taratibu hadi anapoanguka. Nilitaka aibu yake isiwe na kasoro hata moja.

Jumapili baada ya ibada tulikutana kwenye kiwanja cha mama mwenye gari, ambaye nilimwomba awaite wote. Kaka alikuwepo, mpwa pia. Shefu wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, alikuwepo. Yule wa pikipiki alikuja na wenzake wawili, amevaa shati lililopigwa pasi. Jua lilikuwa kali, kioo cha kompyuta hakionekani, kwa hiyo tulifunika kwa kitenge, watu wakaingiza vichwa chini yake kama kuku kwenye tenga. Ngoma zilipoisha walitoa vichwa.

Yule wa pikipiki ndiye aliyecheka wa kwanza.

"Bamama, bababa, muniambie. Uyu mutoto anatengenezaka harusi, sivyo? Bibi mubaya anamufanya anakuwa muzuri. Sasa leo anashindwa kunifanya miye mwizi?"

Shefu alicheka. Wenzake walipiga makofi. Kaka aliangalia miguu yake.

Mama hakucheka. Aliniuliza, "Ile mushale nyekundu ilikuwa mu barabara?"

"Hapana, Mama."

"Na ngoma?"

"Hapana."

"Basi. Kama uliongeza ile, nitajua namna gani hukuongeza na mutu?"

Nilihisi nimemfukuza kaka kazi kwa mara ya pili, safari hii kwa ufundi. Nikasema kitu pekee kilichobaki: "Mama, yenyewe iko mu kadi. Sijaigusa."

Akainuka. "Tuende. Nataka kuona yenyewe, ile yenye inakalaka mu gari."

Mpwa alisema betri ya gari imechoka. Mama alinyoosha mkono bila kumwangalia. "Leta funguo."

Kamera ile ina kioo chake kidogo kwa nyuma, kama kiberiti. Nilikuwa nakidharau, sijawahi kutazama video yoyote juu yake. Nilitafuta faili huku watu wakijazana milangoni mwa gari, nikalichezesha. Yule wa pikipiki akaonekana mdogo kama mdudu, akapita kulia, akaanguka. Na sauti ikatoka. Kumbe kamera ilikuwa na kipaza sauti chake, na ilikuwa imesikia kila kitu. Programu yangu ndiyo iliyokuwa kiziwi.

Tulimsikia akikohoa dirishani. Kisha sauti yake, wazi kabisa:

"We ni wa pili. Ule wa kwanza nilimuangukia vilevile, hapa hapa, na kamera yake, akapoteza gari. Na we unataka kupoteza? Tuelewane tu."

Ule ndio mdomo nilioukata kwa sababu ulikuwa unachosha.

"Rudisha," mama alisema. Nikarudisha. "Rudisha tena."

"Iyo sauti ni ya machine," alisema yule wa pikipiki, lakini shati lilikuwa limeshaanza kulowa.

"Na machine inakohoaka?" Mama akamgeukia mpwa wake. "Na we ulikuwa mu ndani. Masikio uliacha Fizi?"

Funguo hazikurudi mfukoni mwa mpwa. Mama alizitupa hewani na kaka akazidaka. Wale wenzake wawili waliondoka kabla ya yule bwana kupata pikipiki yake, na hapo ndipo alipoonekana mdogo hata nje ya kioo.

Siku hiyo hiyo nilimwambia kaka ukweli wa kadi ya kwanza. "Ungeniambia," alisema. Basi. Ingekuwa heri angenipiga.

Lakini sikuishia hapo, na sitajifanya nilikuwa mtu mwema. Nililibadilisha faili kuwa MP4 bila kukata hata sekunde, nikaigeuza sauti kuwa aina ambayo kila simu inaielewa, bila mshale, bila ngoma, nikalituma kwa waendesha pikipiki wote niliokuwa na namba zao. Kesho yake jina lake lilikuwa Wa Pili. Bamama wa sokoni walimwita Wa Pili. Batoto walikohoa akipita. Nilikaa mlangoni nikamngoja, na alipotokea nilisimama nikapaza sauti, "Ee Wa Pili! Filme ilitoka!" Nililala vizuri. Nasikia sasa anafanya kazi upande wa Makobola. Mchungaji ameniomba nimsamehe, na nimemjibu kwamba nitafikiri. Bado nafikiri.

Kaka anaendesha tena. Waya wa kamera nimeuunga kwa lehemu, hauzimiki tena, kwa hiyo sasa narekodi MP4 ya H.264, vipande vya dakika moja moja, na hakuna faili ninalokata kabla ya kulisikiliza mpaka mwisho.